Nilichokiona Ulipoanguka

Iyunga, jioni

Sekela mwanangu,

Nakuandikia ukiwa bado umo humu ndani. Ukuta mmoja tu unatutenganisha. Nasikia pasi ya mkaa ikiwekwa chini, namsikia mama yako akisema sketi ya bluu isikunjwe bali iviringishwe, kisha mnacheka jambo ambalo halikunifikia. Ningeweza kuinuka, nikabisha hodi na kuyasema kwa mdomo haya ninayotaka kuyaandika. Nimejaribu mara tatu mwezi huu, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umepata kiti cha dirishani.

Habari za blanketi, za upepo wa Iringa na za kutolala kwenye basi ukiwa umeuachia mkoba, ameshakwambia mama yako, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Barua hii ina jambo moja. Ni siku ile ya mwaka jana ulipoanguka uani, na maneno niliyomwambia daktari kesho yake. Maneno yale hayakuwa kweli. Umeyabeba mwaka mzima bila kujua, na kesho unaondoka nayo mkobani, ndani ya kile kichupa cha dawa.

Nianzie kwenye kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutaona ukubwa wa kosa. Tangu kabla hujazaliwa, kila siku saa tatu asubuhi nimekuwa nikisimama mbele ya kile kisanduku cheupe cha kituo cha hali ya hewa, nikasoma vipimajoto, nikapima mvua ya usiku na kuandika. Ulipokuwa darasa la pili nilikuchukua siku moja. Ulitazama daftari, ukaona mstari usiojazwa, ukauliza, "Baba, hapa umesahau?" Nikakujibu kwamba siku ile niliugua malaria na hakuna aliyekwenda kusoma vipimo. "Sasa si uandike tu kama ya jana?" Nikakuambia hapana. Kisichoonwa hakiandikwi. Nafasi iliyoachwa wazi haimdanganyi mtu. Tarakimu ya kubuni humdanganya kila atakayelifungua daftari baada yako. Ulinitazama kwa heshima ambayo mtu mzima hasahau kuwa amewahi kutazamwa nayo.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijajaza nafasi hata moja kwa kukisia. Niliijaza mara moja tu, na haikuwa katika daftari la kituo.

Miezi kadhaa kabla ya siku ile, mama yako aliniambia tukiwa mezani, "Baba Sekela, huyu mtoto akiinuka anashika ukuta."

"Anashika ukuta kwa uvivu," nilimjibu.

"Si uvivu. Juzi amemwaga maji ya kuoga kwa kushika mlango."

Sikuuliza swali hata moja. Mimi ambaye nikiona nyuzijoto zimepanda kidogo kuliko kawaida hurudia kusoma mara mbili, sikukuuliza hata wewe. Nililiona jambo jingine, na hilo ndilo lililonikera: ulikuwa umeanza kuwasalimia wakubwa ukiwa umesimama. Uliinamisha kichwa, ukaunganisha mikono, ukasema "Shikamoo" kwa sauti njema, lakini hukuchuchumaa. Sisi Wahehe tunalijua jambo hilo kwa macho kabla ya masikio. Binti anayesalimia akiwa wima kama nguzo ya umeme huandikiwa kiburi, na anayeandikiwa baada yake ni baba yake.

Kisha akaja shangazi yako Semeni kutoka Idodi, na wazee wawili wa ukoo pamoja naye, kukupa baraka kabla hujaenda chuo. Ilikuwa karibu saa sita mchana, jua limesimama katikati ya uwanja. Ulikuwa jikoni kwenye moshi tangu asubuhi. Ulitoka ukijipangusa mikono, ukawasalimia vile vile ulivyozoea.

Shangazi yako akacheka. Unakijua kicheko chake. "Jamani, kaka, huyu wa Mbeya magoti yake yana kutu? Au ndio usomi wenyewe huu?"

Mzee mmoja akaongeza, "Labda huko chuoni wanafundishwa kusalimia kwa simu."

Wote walicheka, nami nikacheka nao, na kicheko changu kilinichoma. Nikakuambia mbele yao, "Sekela, chuchumaa usalimie vizuri. Na usiinuke mpaka nikwambie."

Ulichuchumaa. Ulisema "Kamwene," wakaitikia, na salamu zikaanza kama zinavyoanza kwetu: mvua, mahindi, nani amefiwa, ng'ombe wa nani wameingia shamba la nani huko bondeni. Walikuwa wakizungumza na mimi, si na wewe, nawe ulikuwa chini katikati yetu. Nilikuona ukihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mara mbili uliinua macho kunitazama. Ningeweza kusema neno moja. Nilikaa kimya kwa makusudi, kwa sababu nilitaka shangazi yako aone kwamba katika nyumba yangu binti hubaki chini mpaka aambiwe.

Hilo ndilo tendo langu. Yaliyofuata ni maelezo.

Niliposema "Haya, inuka," uliinuka haraka, kama mtu anayekimbia jambo. Ulisema, "Baba, naona giza."

Nikakujibu, "Simama vizuri."

Uliniangukia miguuni.

Nitaandika sasa nilichokiona, kwa utaratibu ule ule ninaoutumia kazini, na ukurasa huu nimeuandika peke yake ili uweze kuutoa na kumpa daktari wa Iringa bila kumpa barua nzima.

Kabla ya kuanguka ulikuwa umechuchumaa juani kwa muda wa kutosha chungu cha chai kuchemka. Uliinuka ghafla. Ulisema kwamba unaona giza. Midomo yako iligeuka rangi ya majivu, na jasho lilikutoka juu ya mdomo na kwenye paji la uso. Ulianguka kwa kulegea, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba, hukukakamaa. Hapo mimi na shangazi yako tulikosea mara ya pili: tulikunyanyua, tukakukalisha kwenye kiti, tukakushika kichwa kisimame. Ulipokuwa umekaa hivyo, ndipo mikono yako ikaruka-ruka mara chache, na macho yakageuka juu. Haikuzidi muda wa kusoma kipimajoto kimoja na kukiandika. Shangazi alikumwagia maji. Mama yako alitoka jikoni mbio, akapiga kelele, "Mlazeni! Mnamshikilia nini kama gunia la viazi? Mlazeni chini!" Akakuvuta kwenye mkeka, akaweka miguu yako juu ya kigoda. Ulifumbua macho karibu mara hiyo hiyo. Rangi ilirudi usoni. Maneno yako ya kwanza yalikuwa, "Mama, maziwa yatafurika." Na kweli yalikuwa jikoni, na kweli yalikuwa yanafurika. Hukujikojolea. Kama uliuma ulimi, sikutazama. Mahali hapo naacha wazi.

Mwisho wa ukurasa huo. Mama yako ameniruhusu kuongeza kwamba ulikuwa katika siku zako, na kwamba siku hizo huwa nzito kwako na huendelea kwa muda mrefu. Mwambie daktari hilo pia. Huenda damu yako ni chache, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu ashike ukuta.

Uani pale kila mtu alikuwa na jibu kabla hujasimama. Mzee mmoja alisema ni mambo ya mizimu. Shangazi yako alimvuta mama yako pembeni, akauliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Wifi, hajakosa siku zake huyu?" Mama yako akamjibu, "Wifi, hizo siku ndizo zilizomwangusha. Na nyinyi." Nilijifanya sikuisikia sehemu ya mwisho.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari. Ulikuwa umekaa karibu yangu, lakini hukuweza kunisahihisha. Mtu aliyeanguka hajioni. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, nje kuna foleni, nami simlaumu kwa lolote.

"Mzee, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa amesimama tu."

"Alirusha mikono na miguu?"

"Ndiyo. Alirusha sana."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kadhaa."

"Alipozinduka alichanganyikiwa?"

Nilikumbuka maziwa. Nikasema, "Kidogo."

"Kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla akiwa kijana?"

Nikasema, "Hapana."

Majibu hayo yote yalitoka mahali pamoja. Kama ningesema ulikuwa umechuchumaa, angeuliza kwa muda gani. Kama ningesema muda, angeuliza kwa nini. Na mbele yako ningelazimika kusema kwamba nilikuweka chini ili watu wanione mimi. Kwa hiyo nilirefusha kule kurusha mikono, maana ugonjwa ukiwa mkubwa, baba hana kosa. Daktari alifuata nilichompa, akaandika kifafa, akaandika na dawa. Mtu aliyepewa vipimo vya uongo hutabiri mvua pale ambapo hakuna hata wingu.

Dawa zile zilikulegeza. Ulilala ukiwa umeshika kitabu. Chuo kikaahirishwa mwaka mzima, kwa ushauri wangu. Shangazi Semeni alipokuja tena hakukupa mkono. Na wewe, bila kuambiwa na mtu, ukaanza kunywa chai katika kikombe chako peke yako, kile cha bluu chenye pengo, ukakiosha mwenyewe na kukiweka mbali na vya wenzako. Kifafa hakiambukizwi kwa kikombe, nami nililijua hilo. Niliona kikombe kile kila asubuhi kwa mwaka mzima, nikanywa chai yangu mbele yake.

Utauliza nimegunduaje kosa. Sikuligundua, nililijua siku ile ile. Kilichobadilika ni kwamba nilikutana na mtu aliyenionyesha uzito wake. Unakumbuka kizunguzungu cha mama yako, miezi mitatu iliyopita? Akigeuka kitandani, au akitazama juu kuanua nguo, alishika kitu na kutapika. Mimi nikasema ni presha, nikampunguzia chumvi. Nilimpeleka kwa daktari mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakugusa mashine yoyote. Alimuuliza, "Mama, dunia inazunguka, au macho yanaingia giza?"

"Inazunguka, dokta. Kama nimepanda bembea."

"Ukiinuka, au ukigeuza kichwa?"

"Nikigeuza. Hata nikiwa nimelala."

Akamlaza, akamgeuza kichwa upande mmoja taratibu, akayatazama macho yake, akamgeuza upande mwingine, akamkalisha. Akaeleza kwamba tatizo lilikuwa ndani ya sikio, mahali panapopima msimamo wa mwili. Si presha, si moyo. Mama yako alitoka pale akitembea wima, akinicheka kwa ajili ya ile chumvi.

Nilibaki nyuma nikamuuliza daktari yule, kana kwamba nauliza kwa ajili ya jirani, kuhusu mtu anayeanguka akiinuka. Alinieleza kwa subira. Ukiwa umechuchumaa au umekaa muda mrefu, kisha ukainuka ghafla, damu hushuka miguuni kabla mwili haujawahi kuirudisha juu. Ubongo hupungukiwa kwa kitambo kidogo, giza huingia, mtu huanguka. "Na kuanguka kwenyewe ndiyo dawa," alisema. "Akilala, damu inarudi kichwani. Nyinyi mnaomnyanyua mnamnyima dawa. Mkimkalisha kwenye kiti, ubongo unazidi kukosa damu, anaanza kurusha mikono, halafu mnakuja kuniambia ana kifafa."

Nikauliza anatambuaje tofauti. Akasema mwenye kifafa mara nyingi huzinduka polepole, akiwa hajui alipo, amechoka kwa muda mrefu, pengine ameuma ulimi pembeni. Aliyezirai tu hurudi haraka na huwajua waliomzunguka. Humpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Hupima wingi wa damu. Huchukua kipimo cha moyo, kile kinachochora mistari kwenye karatasi. "Lakini kwanza nasikiliza," alisema. "Aliyeanguka hajioni. Aliyemwona ndiye kipimo changu cha kwanza, na kipimo kikiwa kibovu, hivyo vingine vinanisaidia kidogo sana."

Kisha akaniambia kuna kuanguka asikokuchezea hata siku moja: kwa mtu anayeanguka akiwa anakimbia, au amelala, au bila onyo lolote, au moyo ukimwenda mbio kabla, au akiwa na ndugu aliyekufa ghafla angali kijana.

Hapo nilikaa chini.

Hukumjua baba yako mdogo, Festo. Alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Alianguka uwanjani akiukimbilia mpira, hakuna aliyemgusa, hakusema giza wala chochote, na hakuinuka tena. Watu walisema amerogwa kwa ajili ya kasi yake, na nyumbani tukakubaliana kutolizungumza. Ndiyo sababu nilijibu "Hapana." Sidhani kuanguka kwako ni kama kwake. Wewe ulionywa, ulitoka jasho, ulirudi haraka. Lakini mimi si daktari, na kudhani kwangu kumeshakugharimu vya kutosha. Mwambie daktari wa Iringa habari za Festo kwanza, kabla ya mambo mengine yote, na umwombe kile kipimo cha moyo. Mpaka afanye hivyo, usishiriki mbio za chuo, hata wenzako wakikutania.

Na dawa zako usiziache kwa sababu ya barua hii. Nimeuliza: kuziacha ghafla kunaweza kuleta madhara. Atakayezipunguza ni daktari, akiwa na ukurasa wangu mkononi. Nimeandika namba yangu ya simu chini yake. Akitaka kuniuliza chochote, nitajibu, hata kama utakuwa umekaa hapo unasikiliza.

Miezi mitatu imepita tangu nizungumze na yule mama wa miwani. Miezi mitatu nimeamka, nimekwenda kituoni, nimesoma vipimajoto kwa uaminifu, nimerudi nyumbani na kukuona ukimeza kidonge. Sina maelezo ya miezi hiyo yanayofaa kuandikwa. Nayo naacha wazi.

Utakuwa mwalimu, na siku moja mtoto ataanguka mstarini mbele yako, juani, wakati mkuu wa shule anazungumza. Wenzako watamwita mvivu, au watamwita mwenye mapepo, na mmoja atakimbilia kiti, mwingine kijiko cha kumtia mdomoni. Mlaze chini, mwinulie miguu, mpe hewa. Kisha fanya lile ambalo mimi sikulifanya: kumbuka ulichokiona, chote, hata kile kinachokuaibisha. Na giza likikujia wewe, popote ulipo, mbele ya yeyote, kaa chini au ulale kabla halijakuangusha. Usiombe ruhusa. Uliniomba mimi mara mbili kwa macho, ukaona ilivyokuwa.

Sisemi uache kuchuchumaa kwa sababu desturi ni mbaya. Bibi yako alisalimia hivyo maisha yake yote na sikuwahi kuona jambo zuri zaidi ya hilo. Lakini yeye alikuwa akiinuka alipotaka. Wikiendi ukienda Idodi, msalimie shangazi yako ukiwa umekaa kwenye kigoda. Nimempigia leo mchana, nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Safari hii hakucheka. Kisha akasema, "Kaka, na mimi ndiye niliyemkalisha kwenye kiti." Halafu akasema, "Mwambie aje. Nitamkumbatia nikiwa nimesimama mimi." Akakata simu kabla hajalia.

Sasa pasi imenyamaza, na mama yako ananiita mezani. Barua hii nitaiweka juu ya sketi ya bluu, ili uione kabla hujafunga begi, ukiwa bado na nafasi ya kuja kuniambia utakalo. Nitakuwa macho. Usipokuja, nitaelewa pia.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda stendi, usichuchumae mbele yangu. Nimeweka vigoda viwili barazani. Tutaagana tukiwa tumekaa, macho yako na yangu kimo kimoja, na utainuka wakati wako, taratibu, nami nitangoja. Chai nimemwomba mama yako aitenge mapema. Wewe kunywa katika kikombe changu. Kile cha bluu nitanywea mimi.

Baba yako